Keko, nilikopeleka kabati lililomwangusha mtoto kilio

Mtoto wa dada yangu ana miaka miwili na miezi minne, na ukucha wa kidole gumba cha mguu wake wa kulia ndiyo kwanza unaota upya. Alivuta droo ya katikati ya kabati lake la nguo, ikatoka yote na kumwangukia mguuni. Kabati lenyewe ni jipya, la kutengenezesha kwa oda. Fundi alipopigiwa simu alisema mtoto huyo ni mtundu. Mimi ni mama yake mdogo na kazi yangu ni kuandika habari za afya. Mtoto wa umri huo asipovuta droo, ndipo ningeanza kuwa na wasiwasi.

Jumamosi tukalipakia kabati kwenye kirikuu, tukaenda Keko.

Kwa Dar es Salaam, ukisema unatafuta kitanda au kabati la mbao, wa kwanza kukujibu atakutajia Keko, wilayani Temeke. Unafika kabla ya kufika: harufu ya vanishi inakupokea, kisha mlio wa mashine ya kuranda. Vitanda vimesimamishwa ukutani, makochi hayajavishwa vitambaa, na vijana wanapiga msasa huku vumbi limewajaa kwenye kope. Wengi hawakuvaa barakoa. Vumbi la mbao limo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya visababishi vya saratani, kwa hiyo mzazi, ukienda kuchagua kitanda, mtoto mwache nyumbani.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja mwenye penseli sikioni.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mwanangu. Leteni huyo mgonjwa."

Hakuuliza kabati lilitengenezwa na nani. Alivuta droo taratibu, akaitikisa kushoto na kulia, ikacheza. Akachungulia pembeni, akachomoa kipande cha boksi la viatu kilichokuwa kimekunjwa nyuma ya reli. Akanionyesha bila kusema neno.

Kosa lilikuwa la hesabu. Reli za gololi zinazofungwa ubavuni, ambazo ndizo nyingi madukani, zinahitaji nafasi ya karibu milimita 13 kila upande, yaani nusu inchi. Ndiyo kusema boksi la droo liwe jembamba kuliko uwazi wa kabati kwa milimita 26. Uwazi wa kabati letu ni milimita 450, hivyo boksi lilitakiwa liwe 424. Alipopima kwa futi, lilikuwa 417. Milimita saba zilizopotea ndizo zilizojazwa karatasi. Karatasi ililegea, reli zikaachana, gololi zikakosa njia, na siku mtoto alipovuta kwa nguvu hapakuwa na kitu cha kuishika droo.

"Ikiwa nyembamba ina dawa," alisema mzee, "unaweka ubao mwembamba nyuma ya reli, siyo karatasi. Ikiwa nene ndiyo mateso. Inabana, unailazimisha, mwisho unaipunguza au unatengeneza nyingine."

Kisha akalipima boksi kona kwa kona, njia zote mbili. Vipimo vikitofautiana, boksi limekaa upande, na hakuna reli itakayoliponya. Letu lilipona mtihani huo.

Kufunga reli kwenyewe kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Alifungua zile za zamani zote, akachora mstari kwa penseli na skwea ndani ya kabati, kushoto na kulia, kwa kimo kilekile. Reli moja ikiwa juu kuliko mwenzake, droo inakwenda ikichechemea. Akapachika vibanzi vya mbao vya kuziba pengo, akaanza na skrubu za yale matundu marefu tu, kwa sababu hayo yanaruhusu reli kusogezwa kidogo. Akaingiza droo, akaivuta mara tano au sita, akaisogeza kwa unywele, akaivuta tena. Aliporidhika ndipo akakaza skrubu za matundu ya duara, ambazo hazirudi nyuma.

Droo ilivutwa hadi mwisho, ikasimama. Kuitoa kabisa kunahitaji kubonyeza vilimi viwili vyeusi vya plastiki kwa pamoja, kimoja juu na kingine chini. Mtoto wa miaka miwili hana hesabu hiyo.

Nikadhani tumemaliza. Mzee akaniuliza, "Nyumbani mmelifunga ukutani?" Hatukuwa tumelifunga.

Swali hilo nilipaswa kujiuliza mwenyewe. Mwaka 2016 huko Marekani, IKEA ilitangaza kurejeshwa kwa makabati ya droo takriban milioni 29, yakiwamo ya MALM, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa nayo. Hapo tatizo halikuwa reli. Mtoto hufungua droo mbili tatu, akazifanya ngazi, uzito wote ukaja mbele na kabati likamfuata. Kwa hiyo reli nzuri, inayoruhusu droo kutoka yote kwa ulaini, bila kufunga kabati ukutani ni nusu ya kazi.

Mzee alitupa vyuma viwili vya pembe na kutuelekeza kununua fisha za ukuta wa tofali. Akaongeza kwamba nguo nzito zikae droo ya chini.

Na ikitokea mtoto amebanwa au kuangukiwa, weka kitambaa cha maji baridi penye uvimbe. Mpeleke hospitali ikiwa kidole kimepinda au hakikunjiki. Akigonga kichwa kisha akatapika au kusinzia isivyo kawaida, usisubiri asubuhi.

Jioni shemeji alitoboa ukuta. Mwenye kabati alikuwa amesimama mlangoni na soksi zake, akisubiri tuondoke ajaribu.