Kuuguza katika Filamu ya Amour

Filamu ya Michael Haneke iitwayo Amour, yaani Mapenzi, ilitunukiwa Palme d'Or huko Cannes mwaka 2012. Aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni hoja juu ya haki ya mgonjwa kukatishiwa uhai. Usomaji huo haukosi msingi, ila unaipita haraka mno sehemu kubwa ya kazi hii, ambayo ni uuguzaji wenyewe.

Haneke anaiondoa taharuki mapema. Wazima moto wanavunja mlango wa nyumba moja mjini Paris na kumkuta Anne amelazwa kitandani, maiti iliyopambwa kwa maua. Mwisho ukishajulikana, mtazamaji hana budi kuangalia kazi: kuinua, kulisha, kuogesha, kubadilisha nguo.

Anne na mumewe Georges ni walimu wa muziki waliostaafu, wote wamepita miaka themanini. Asubuhi moja mezani Anne ananyamaza ghafla, macho yakiwa wazi. Georges anauacha mfereji ukitiririka, anakwenda kuvaa ili atafute msaada. Akiwa chumbani anasikia maji yamefungwa. Hivyo ndivyo ugonjwa unavyobisha hodi. Upasuaji hausaidii, upande wa kulia unapooza, na Anne anamtaka mumewe aahidi kwamba hatamrudisha hospitalini kamwe. Yote yanayofuata yamo ndani ya ahadi hiyo.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuona jambo. Kitenzi "kuuguza" kimetokana na "kuugua" kama "kupunguza" kulivyotokana na "kupungua": kiumbo, ni kauli ya kusababisha. Bila shaka hakuna mzungumzaji anayemshuku muuguzaji kuwa ndiye aliyeleta maradhi. Hata hivyo umbo la neno linamweka ndani ya ugonjwa wa mwenziwe, si kando yake. Georges yumo humo. Anamfukuza muuguzi aliyemchana Anne nywele kwa ukatili, na mtazamaji anaridhika. Lakini ni Georges huyo huyo anayempiga Anne kofi anapokataa kunywa maji. Mhakiki atakayemsifu Georges kwa uaminifu wake inampasa aueleze pia mkono huo, kwa maana filamu haiutengi na mkono ulioshika kikombe.

Binti yao, Eva, anakuja na kuondoka akiwa na wasiwasi wa kweli. Baba anamweleza kwamba wasiwasi huo haumfai kitu, na siku moja anaufunga mlango wa chumba cha mgonjwa asimwone mamake. Ni onyesho gumu kwa msomaji aliyezoea kwamba mgonjwa ni wa jamaa nzima. Mapenzi ya watu wawili yamekuwa ngome, na mtoto wao yuko nje.

Uigizaji unaongeza uzito wake. Emmanuelle Riva alikuwa mpenzi katika Hiroshima mon amour ya 1959, na Jean-Louis Trintignant katika Un homme et une femme ya 1966. Haneke alizichukua nyuso ambazo watazamaji walizifahamu kwa huba ya ujana na kuziacha zizeeke mbele ya kamera. Riva alifariki mwaka 2017, Trintignant mwaka 2022. Anayeitazama filamu leo anawatazama marehemu wawili.

Anne analia kwa maumivu. Georges anampapasa mkono na kumsimulia kisa cha utotoni hadi anatulia. Kisha anachukua mto. Hakuna muziki wa kutuelekeza tuhuzunike au tulaani. Baadaye njiwa anaingia nyumbani, naye anamnasa kwa blanketi na kumkumbatia. Katika barua anaandika kwamba alimwachilia. Mtazamaji hakuonyeshwa hilo. Ana neno la Georges tu. Onyesho la mwisho ni la Eva, peke yake katika nyumba tupu, milango yote ikiwa wazi.