Dawa Ina Majina Mawili

Haya ninayoyaandika leo nilikuwa nimeazimia nisiyaseme, kwani yanifedhehesha. Mtu aliyekaa miaka 40 akiwafundisha watoto wa watu kwamba mwili ni amana, kisha amana hiyo akaichezea mwenyewe kwa sababu ya kuona haya, hana uso wa kusimama akatoa mawaidha. Lakini nimeona kuwa waliomo katika hali niliyokuwa nayo ni wengi, na wengi wao ni wazee wenzangu.

Nina ugonjwa wa presha, huu ni mwaka wa 12. Daktari wangu wa mwanzo aliniandikia kidonge kimoja kila siku, nami kila mwezi nilikuwa nikichukua cheti changu hadi duka moja la dawa hapa Mombasa, nikinunua kwa jina lile lile alilolitaja. Bei ikapanda mwaka hata mwaka, mpaka vidonge 30 vikafika shilingi 2,400. Mapato ya maalim wa chuo wayajua. Na kama huyajui, muulize maalim wa mwanao.

Ajabu ni hii: mimi nikienda Marikiti kununua nazi huuliza bei kwa watu watatu, kisha nikamrudia wa kwanza nikamsumbua tena. Lakini mbele ya kijana wa duka la dawa, aliyevaa koti jeupe, ulimi wangu ulifungika. Niliona haya kuuliza, "Hakuna ya bei ya chini?" na nyuma yangu wamesimama watu waniitao shekhe. Tena moyoni nilikuwa nikiitakidi kwamba dawa ghali ndiyo dawa, na ya rahisi ni ya kuwapumbaza maskini. Basi nikatafuta njia yangu mwenyewe ya kupunguza gharama, nayo ikawa mbaya kuliko zote. Leo nikimeza kidonge, kesho nikiruka. Jumatatu na Alkhamisi nilizokuwa nikifunga sunna, nikawa nafunga na dawa pia. Vidonge vya mwezi mmoja vikanichukua karibu miwili, nami nikajiona mjanja.

Ujanja huo uliniangusha mwaka juzi, asubuhi ya Jumanne, nikitoka msikitini baada ya Alfajiri. Nilipozindukana nilikuwa hospitali, na presha imepimwa ikakutwa 210 kwa 120. Daktari aliniuliza mbele ya mke wangu kama dawa naimeza kila siku. Nikanyamaza. Mke wangu akaangua kilio, nami nikadhani anilia mimi. Kumbe yeye, ambaye ana ugonjwa wa sukari, alikuwa akikikata kidonge chake kati kwa kisu cha jikoni muda wa miezi saba, ili pesa zipate kutosha kununua yangu. Watu wawili tumelala kitanda kimoja miaka 38, na kila mmoja akimficha mwenzake jambo lile lile.

Nilipotoka hospitali alikuja kunitazama kijana niliyemsomesha Juzuu Amma, ambaye sasa ni mfamasia. Alinibusu mkono, akakaa kitako, akasema, "Maalim, nipe vyeti vyenu, chako na cha Mama." Akavitazama, akatabasamu. "Maalim, dawa ina majina mawili. Kuna jina la kiwanda, na kuna jina la dawa yenyewe. Wewe umekuwa ukinunua jina."

Akanieleza kwa mfano wa Panadol. Panadol ni jina la kiwanda. Kilichomo ndani ni paracetamoli, na paracetamoli hutengenezwa na viwanda vingi. Dawa yangu mimi jina lake la asili ni amlodipini, na ya mke wangu ni metfomini. Kiwanda kinachovumbua dawa mpya hupewa haki ya kuitengeneza peke yake, kwa kawaida miaka 20 tangu siku ya kuiombea haki hiyo. Muda ukiisha, mlango huwa wazi kwa wengine, nao hawakubeba gharama za uvumbuzi, hushindana wao kwa wao, na bei hushuka. Hawaachiwi tu wafanye watakavyo: hutakiwa waonyeshe kwamba dawa yao huingia katika damu kwa kadiri ile ile na kwa mwendo ule ule wa dawa ya asili. Haki za dawa zetu hizi mbili zilikwisha zamani.

Nilimuuliza kwa nini basi madaktari hawatuambii. Akanijibu kwa adabu kwamba wengine hutuambia tukiuliza.

Nikakumbuka kwamba jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika mwisho wa umri wake Kitab as-Saydana, kitabu cha dawa, akazitaja dawa kwa majina yake ya Kiarabu, Kiyunani, Kiajemi, Kisiria na lugha za Bara Hindi, kwa kuwa mwenye kuijua dawa kwa jina moja tu ni rahisi kudanganywa au kukosea. Nami nimekipitia kitabu cha mwanachuoni huyo kwa kutajiwa na walimu wangu, nikawasimulia wanafunzi, wala sikupata siku moja kujiuliza jina la kidonge kilicho mfukoni mwangu.

Na katika zama zetu, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa mwaka 1977 orodha yake ya kwanza ya dawa zilizo muhimu, na dawa humo hutajwa kwa majina yake ya asili, si ya viwanda. Wakumbuka pia dawa za Ukimwi: zilikuwa zikigharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka, hata mwaka 2001 kiwanda cha Cipla cha Bara Hindi kikajitolea kuziuza kwa dola 350. Wangapi katika mitaa yetu wako hai leo kwa sababu ya vidonge visivyo na jina kubwa!

Tulirudi kwa daktari, akatuandikia upya kwa majina ya asili. Nilikwenda dukani, safari hii nikauliza kwa sauti, na watu wakiwapo. Vidonge 30 vya amlodipini havikufika shilingi 400. Bibi mmoja aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Shekhe, nami niulizie yangu."

Lakini yule kijana alinionya, nami nakupa onyo hilo kama lilivyo. Usibadilishe dawa kwa shauri la jirani. Daktari au mfamasia aijue kwanza, na presha ipimwe tena baada ya wiki chache, kama nilivyopimwa mimi. Kuna dawa chache, kama za kifafa na zile za kuzuia damu kuganda, ambazo hata kuhama kiwanda kwa kiwanda kwataka uangalizi. Kuna vidonge vilivyotengenezwa vifunguke polepole mwilini, na hivyo haifai kuvikata hata kidogo. Na rahisi isiwe rahisi ya mkoba wa mchuuzi, wala vidonge vilivyotiwa katika karatasi visivyo na jina wala tarehe, hata kama vimeletwa na shemeji kutoka Dubai. Nunua penye duka lililosajiliwa, lenye cheti ukutani. Zamani muhtasib alikuwa akizunguka sokoni akiwakagua wauza dawa kama awakaguavyo wenye mizani. Leo kazi hiyo ni ya Bodi, lakini Bodi haiwezi kukaa kila barazani.

Mke wangu husoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kuliko hizi za Kizungu. Basi nimemwandikia majina ya dawa zetu katika kadi moja, amlodipini na metfomini, na herufi ya "p" ambayo Waarabu hawanayo nikaiandika kwa be yenye nukta tatu chini, kama tuandikavyo siku zote. Huichukua kadi hiyo katika mkoba wake. Jirani zetu wawili wamekuja kutaka waandikiwe za kwao, na mmoja alipoiona yangu akanionyesha nukta moja niliyoisahau.