Tulihama na Kurasa, Tukaacha Majina

Ndugu msomaji, kama umewahi kuhama nyumba ukafika uendako ukakuta godoro lipo, masufuria yapo, lakini funguo za kabati umezisahau kule kule, basi kisa hiki utakielewa haraka.

Tulikuwa vijana saba, watatu wa Kilosa na wanne wa Mikumi. Mwaka 2016 tulianzisha wiki yetu ndogo. Wiki, kwa asiyejua, ni daftari la kwenye mtandao: kila mwenye akaunti anaandika, anasahihisha, na daftari lenyewe linakumbuka nani kaandika nini na lini. Tuliandika maneno ya Kisagara na Kividunda, tukaandika mafuriko ya Mto Mkondoa, yale ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliyong'oa reli na kuwaacha maelfu bila makao. Wa Mikumi waliandika mambo ya barabara kuu inayokatiza hifadhini, tembo huku, malori kule.

Mwandishi wetu hodari wala hakuwa kijana. Alikuwa babu yangu mzaa mama, mstaafu wa reli. Yeye anasimulia, mimi nachapa. Lakini akaunti ilikuwa yake, kwa jina lake. Kila jioni aliingiza paswedi mwenyewe kwa kidole kimoja, mimi nimegeuziwa ukuta, halafu ananipisha kitini. "Mjukuu wangu," alisema, "mkono nauazima kwako, sahihi siiazimi."

Alipenda kutusimulia Kidatu. Reli inayotoka Kilosa kupitia Mikumi ina upana wa milimita 1,000. Ya TAZARA ina milimita 1,067. Tofauti ni vidole vinne tu, lakini behewa halivuki. Ndiyo maana mwaka 1998 pakafunguliwa pale kituo cha kupakulia mzigo huku na kuupakia kule. Babu alisema mzigo ukivuka bila karatasi yake, umeshakuwa wa yeyote.

Babu alifariki 2021. Mwaka uliofuata mwenye seva tuliyokuwa tumejibanza akatuambia anafunga, ametupa wiki mbili. Mimi nikajitia fundi.

Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kuchukua hifadhidata nzima: kurasa, historia, pamoja na jedwali la watumiaji. Humo paswedi haikai kama ilivyo. Imesagwa ikawa msururu wa herufi, na kama unga, hairudi kuwa mahindi. Mtu akiingiza paswedi yake, programu inaisaga upya na kulinganisha unga na unga. Kwa hiyo jedwali likihama zima, kila mtu anaingia kwa paswedi yake ya zamani, hata kama fundi haijui. Njia ya pili ni kutoa faili ya kurasa na historia yake. Hiyo inabeba maandishi na majina ya walioandika, ila haibebi akaunti wala paswedi.

Nikachagua ya pili. Ilikuwa na kitufe cha kubofya tu, na ya kwanza ilitaka nimwombe mwenye seva. Kwa kweli nilikuwa nimemnunia.

Usiku ule kurasa zote zikatokea kwenye seva mpya. Nikashangilia peke yangu. Kisha nikafungua historia ya ukurasa wa Kidatu. Mbele ya jina la babu programu ilikuwa imebandika neno la Kiingereza lenye maana ya kwamba kimeletwa kutoka nje. Nikabofya jina. Hakuna mtu wa jina hilo.

Programu haikukosea, bwana. Matoleo ya zamani yaliliacha jina tupu, na yeyote aliyejiandikisha kwa jina lile alirithi kazi yote kama yake. Sisi saba tungeweza kujiandikisha upya na kudai kurasa zetu. Je, babu?

Nikapata wazo: nimfungulie akaunti mimi, jina lile lile, paswedi yangu. Nikampigia simu dada mmoja wa kundi letu aliyeko Mikumi. Akanyamaza, kisha akasema, "Kaka, hiyo ni kumtilia marehemu sahihi."

Hata wakubwa wamepitia haya. Aprili 2015 Wikimedia iliunganisha akaunti za wiki zake zote, Wikipedia ya Kiswahili ikiwemo, ili jina moja liwe la mtu mmoja. Palipokuwa na watu wawili wa jina moja, mmoja alibaki nalo, mwingine akaongezewa mkia. Wa kwetu waliandikwa ~swwiki. Kazi zao hazikupotea, lakini mtu aliamka akajikuta anaitwa vingine.

Zilibaki siku tatu. Nikameza kiburi, nikamwomba radhi mwenye seva, nikaomba hifadhidata nzima. Akanipa bila neno. Nilihangaika usiku mbili, bando likaisha mara tatu, ila ya tatu asubuhi jina la babu lilisimama bila kibandiko. Dada wa Mikumi akajaribu paswedi yake ya zamani, akaingia.

Likabaki jambo moja. Siku ile tunaifungua akaunti ya babu, niliweka baruapepe yangu, kwa kuwa yeye hakuwa nayo. Maana yake mimi ningeweza wakati wowote kuomba paswedi mpya, nikaingia, nikaandika kama yeye. Tena kuna sentensi zake mbili tatu ambazo hadi leo naona zingependeza zikipigwa msasa.

Nimeifuta ile baruapepe. Najua fundi hakosi mlango wa nyuma; kwa amri moja tu pale kwenye seva naweza kuweka paswedi ninayoitaka. Siiweki. Nikiona kosa kwenye ukurasa wake nalisahihisha kwa akaunti yangu, kwa jina langu, na daftari linaandika kwamba ni mimi.

Nanyi wenzangu mnaoandika kwa mikono ya kuazima na seva za kuazima, leo hebu waulizeni: siku tukihama, majina yetu yatasafiri na nini?