Dilala: palu ikipanda kichwani

Muji wa Kolwezi una komini mbili, Manika na Dilala. Katika Dilala kuna kartie Kasulo, iliyojulikana mbali tangu mwaka 2014, watu walipoanza kuchimba kobalti ndani ya viwanja vyao. Mwaka 2017 sehemu yake ilizungushiwa ukuta.

Nilifika Dilala mwezi wa pili, mvua ingali nyingi. Mashimo mafupi yaliyoachwa wazi yalijaa maji, na jua likiyapasha. Maji ya namna hiyo ndiyo mbu wa palu hupenda kutagia mayai.

Usiku, nyumbani nilipolala, mtoto wa miaka mitatu aliyekuwa na homa tangu jana yake alianza kukakamaa, macho yakageuka juu. Kaku akasema, “Hii ni ndege. Musimupeleke lopitalo, akipigwa shindano atakufa.” Mama wa mtoto akajibu kwa heshima, “Kaku, utukubalie kwanza wapime damu yake.” Tukapanda pikipiki.

Kituoni munganga alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kipimo cha TDR. Dakika 15 tu, mistari miwili: palu. Tone lingine alilipaka kwenye kioo ili wahesabu vijidudu kwa mikroskopi. Akapima na sukari, maana palu kali huishusha, na sukari ikishuka sana mtoto huzimia.

Akatueleza: kijidudu cha palu hukaa ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo hunata katika mishipa myembamba ya ubongo, damu ikakosa njia. Ndipo mtoto anakakamaa na kupoteza fahamu. Asipoamka, huchukuliwa maji ya mgongo kuona kama si meninjiti, kwani kwa macho magonjwa hayo mawili yanafanana.

Mtoto akapigwa shindano ya artesunati. Siku ya pili alifungua macho, akaomba maji. Kaku aliyekuwa ameketi kando ya kitanda akasema polepole, “Kumbe ndege ilikuwa mu damu.”

Wazazi na vijana, si wote wanaofika wamechelewa wanapona. Wengine hufa, wengine hubaki na kifafa. Mtoto akiwa na homa, apimwe siku ile ile. Akikakamaa, mulaze kwa ubavu, usimutie kitu kinywani, mukimbize kwa munganga hata kama ni usiku. Na kila jioni, alale ndani ya chandarua.