Winga Wetu Kahama

Mwaka 1989 nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya serikali mjini Morogoro, beki wa kushoto, jezi namba tatu yenye kiraka begani. Jumamosi moja ikaja kucheza nasi shule ya wazazi ya nje kidogo ya mji. Tukaifunga sita bila. Wenzetu waliokaa nyuma ya goli waliwaimba wageni: darasa la saba mmefeli, na mpira mmefeli! Hakuna mwalimu aliyewanyamazisha.

Enzi hizo ndivyo tulivyogawanywa. Nafasi za sekondari za serikali zilikuwa chache, na aliyechaguliwa alionekana kichwa. Aliyekosa, kama kwao wana uwezo, alipelekwa shule ya wazazi au ya binafsi. Mpira nao ulifuata mkondo huo. Sisi tulikaa bweni, vijana wa mikoa mbalimbali, tukiwa na uwanja wa nyasi chini ya milima ya Uluguru. Saa kumi kengele ya michezo ikigongwa, asiyeonekana uwanjani ana kesi na kiranja. Wale wageni wetu walikuwa wa kutwa. Vipindi vikiisha, safari ya nyumbani kwa miguu inaanza. Hatukuwazidi miguu. Tuliwazidi kengele ya saa kumi na sahani ya ugali baada yake, ila wakati ule sikulijua hilo.

Dalili ya kwanza kwamba mambo yanageuka niliiona Dar es Salaam miaka ya tisini. Kila mtu alikuwa akiitaja Makongo. Haikuwa shule ya mfanyabiashara, ilikuwa ya jeshi, lakini mkuu wake, Idd Kipingu, alifanya jambo ambalo wakuu wengi wa shule hawakulithubutu: alimtafuta kijana mwenye kipaji, akampa dawati na uwanja kwa pamoja. Vijana wa pale walifika Simba, Yanga na Taifa Stars. Wenye shule binafsi waliliona hilo wakajifunza. Kombe likiwekwa ofisini kwa mkuu wa shule, mzazi anayekuja kuulizia ada analiona kabla hajaketi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeanza kufundisha mkoa wa Pwani, nikapewa na kazi ya michezo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ikasimamisha mashindano ya shule, UMITASHUMTA kwa msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa hoja kwamba yanakula muda wa masomo. Kwetu mipira ikafungiwa stoo. Panya walikula nyavu, na kengele ya saa kumi ikasahaulika. Shule binafsi ya jirani haikulala. Ilikuwa na uwanja wake na mwalimu wake anayelipwa kwa kazi hiyo, ikaendelea na bonanza zake za ndani. Mashindano yaliporudishwa miaka michache baadaye, wao walitoka mazoezini, sisi tukatoka kutafuta ufunguo wa stoo.

Kisha zikaja shule za kata. Sitazibeza, maana zimesomesha watoto ambao zamani wangebaki vijijini. Nilihamishiwa mojawapo: vyumba vinne vya madarasa, choo, na mwembe. Uwanja ulikuwepo kwenye ramani. Kwenye ardhi palikuwa na shamba la mihogo la mtu aliyedai hajalipwa fidia. Tulichimbia milingoti ya mianzi kando ya barabara, na gari likipita mpira unasimama. Vipindi vikiisha mchana nilikuwa nawaambia wakimbie watoto ambao tangu asubuhi hawajatia kitu tumboni.

Hapo ndipo nilipompata kijana tuliyemwita Swala. Kidato cha pili, mwembamba, mama yake mama lishe stendi. Akipokea mpira pembeni, beki anajua yatakayomkuta na bado yanamkuta. Kwenye mashindano ya wilaya aliifunga shule moja ya binafsi mabao mawili. Hazikupita wiki tatu, kocha wa shule ile akaenda stendi, akaketi kwenye benchi la mama yake, akala wali maharage, akalipa, ndipo akasema shida yake: ada bure, sare bure, bweni bure.

Mwaka uliofuata tukakutana nao, Swala kavaa jezi yao. Kwenye meza ya ukaguzi nilipandisha sauti: mamluki huyu! Msimamizi akanifunulia fomu, picha, barua ya uhamisho. Vyote halali. Mamluki ni yule asiye mwanafunzi kabisa, kijeba anayekodiwa siku ya mechi, na vijeba wa aina hiyo nimewaona pande zote mbili. Swala hakuwa hivyo. Alinifuata, akainamisha kichwa. “Shikamoo mwalimu. Usinikasirikie. Kule nakula mara tatu kwa siku.”

Nilimwitikia marahaba, nikakosa la kuongeza. Walitufunga manne.

Lakini UMISSETA ina utaratibu wake. Mechi za shule kwa shule zikiisha, wilaya inachagua wachezaji bora kutoka shule zote, kisha mkoa nao unachagua wake. Kambini nilimkuta Swala na golikipa wangu wamelala godoro moja kwenye sakafu ya darasa, wakigombania shuka. Jezi ya mkoa ilikuwa moja. Wao walishasameheana zamani, nami ndiye niliyebaki na kinyongo.

Tangu hapo pengo limezidi kupanuka. Alliance ya Mwanza, shule ya binafsi, iliifikisha timu yake Ligi Kuu msimu wa 2018/19. Huku kwetu, Januari 2016 ada na michango ilifutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne. Wazazi walipumua, na mimi nilifurahi nao. Ila na ule mchango mdogo tuliokuwa tukinunulia mipira na kukodia gari la mechi ukaondoka. Si kwamba kila shule binafsi ni tajiri, maana nyingine zimepanga nyumba na watoto wanacheza kwenye maegesho. Na shule kongwe za serikali zenye mabweni na viwanja bado zinatisha. Anayeshinda ni mwenye uwanja, mwalimu na chakula, awe wa serikali au wa binafsi.

Ndiyo maana nimeacha kulalamika kwamba shule binafsi zinatuibia wachezaji. Mtoto hakuibiwa, alihama njaa. Sheria dhidi ya mamluki ziwepo na zikazwe, lakini hazitaotesha nyasi kwenye shamba la mihogo. Wewe mzazi mwenye mtoto shule ya kata, kikao kijacho usiulize matokeo ya mtihani peke yake. Omba ramani ya shule, mwambie mkuu wa shule akuoneshe uwanja uko wapi, kisha nendeni pamoja mkaukanyage.