London na Unguja: Tupendelee Hewa ya Wapi?



Kila ufikapo mwisho wa Oktoba, saa za Uingereza zikarudishwa nyuma, tunapokutana huulizwa swali lile lile: "Maalim, mwaka huu hamkimbii baridi?" Zamani tulijibu kwa mzaha. Mwaka jana, kwa kuwa tumekwisha kustaafu na nauli ilipatikana, tuliamua kujibu kwa vitendo. Tulifunga nyumba yetu ya London, sisi na mama watoto, tukaenda kukaa Mjini Unguja kuanzia Desemba hadi Machi. Tuliyoyaona tunayaeleza hapa, kwani tunajua wazee wengi wa jamaa zetu wamo katika kulifikiri jambo hilo hilo.

Kwanza tuondoe dhana moja. Husemwa kwamba London ni mji wa mvua. Kwa kipimo, sivyo. London hupata kiasi cha milimita 600 za mvua kwa mwaka, na Unguja kiasi cha 1,600. Masika ya Aprili pekee huweza kuleta zaidi ya nusu ya mvua yote ya London ya mwaka mzima. Tofauti ni tabia. Mvua ya Unguja hushuka kama mjumbe aliyetumwa kwa haraka: hutimiza alilotumwa, ikaondoka, jua likatoka. Ya London ni manyunyu, na mtu hulowa asijue ameanza kulowa saa ngapi.

Wala baridi ya hapa si kali kama inavyosifiwa. London iko nyuzi 51 na nusu kaskazini ya Ikweta, kaskazini kidogo kuliko Calgary ya Kanada, lakini pepo za magharibi huijia zikipitia bahari ya Atlantiki, yenye mkondo wa maji ya uvuguvugu. Ndiyo maana mchana wa Januari hapa huwa kiasi cha nyuzi 8 za Selsiasi. Hayo tuliyasomesha darasani miaka mingi.

Kinachotudhoofisha sisi ni giza. Unguja, nyuzi 6 tu kusini ya Ikweta, mchana ni saa kumi na mbili, na hauongezeki wala kupungua ila kwa dakika ishirini hivi. London mchana wa Desemba haufiki saa nane, na wa Juni hupita saa kumi na sita na nusu. Tuliokuwapo tunaikumbuka Ramadhani ya Desemba 1999, tulipokuwa tukifuturu kabla ya saa kumi alasiri, watoto hawajavua hata sare za shule. Tunaikumbuka pia ile ya Juni 2016, saa zaidi ya kumi na nane za kufunga, uji ukipoa mezani na watoto wamekwisha kusinzia. Kwa ajili ya giza hilo hilo, waganga wa hapa husema kwamba kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua halina nguvu ya kuupa mwili vitamini D, na kwamba sisi wenye ngozi nyeusi, na wanaojistiri mwili mzima, tufikirie kumeza vidonge vyake, mikrogramu 10 kwa siku, mwaka mzima. Mama watoto aliumwa na mifupa miaka miwili tukidhani ni uzee.

Basi tukafika Unguja. Tulilolisahau ni chaka. Kaskazi ile ile iliyokuwa ikileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi ndiyo yenye miezi ya joto kubwa: nyuzi 32 au 33 mchana, na usiku usiopoa. Umeme ukikatika, feni husimama na usingizi huondoka. Mama watoto ana maradhi ya shinikizo la damu. Miguu ilimvimba, na daktari akamkataza kutoka nje baina ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri. Tulikuwa tumeikimbia nyumba iliyofungwa kwa baridi, tukajikuta katika nyumba iliyofungwa kwa joto.

Hapo ndipo tulipoona kosa la hesabu yetu, na aibu kwetu tuliokuwa tukisomesha jiografia. Miezi mizuri ya miji hii miwili ni ile ile. Kuanzia Juni hadi Agosti kusi huvuma Unguja, ni kipupwe, na alfajiri mtu hutafuta shuka. Miezi hiyo hiyo ndiyo London inapochanua na watu kuota jua bustanini. (Hatusahau tarehe 19 Julai 2022, Heathrow ilipopimwa nyuzi 40.2, joto la namna hiyo sisi hatukupata kulionja Unguja.) Anayeikimbia Januari ya huku huikuta Januari ya kule.

Tukilazimishwa kuchagua, na kichwa cha habari kimetulazimisha, tunachagua Unguja, na hasa kipupwe chake. Sababu ni baraza. Hewa ya kule iliwafanya wazee wetu wajenge viti vya mawe nje ya milango, vya kupungia upepo jioni, na katika masika vya kupitia juu yake njia zinapojaa maji. Mtu asipoonekana barazani asubuhi, adhuhuri haijafika atasikia hodi. Hapa, Januari ya miaka michache nyuma, mzee mmoja jirani yetu alianguka jikoni kwake, akalala sakafuni siku mbili. Tulipita mlangoni pake mara nne, mapazia yamefungwa kama mapazia yetu sote. Alipatikana hai, alhamdulillahi.

Kwa hiyo safari ijayo, inshallah, tutaondoka mwanzo wa Juni. Wajukuu wamenuna, maana shule zao hufungwa mwisho wa Julai, na majira hayo ndiyo waliyozoea kuwa nasi bustanini. Hilo hatujapata la kuwajibu. Majira ya baridi tutakuwa hapa. Tumekubaliana na majirani watatu kwamba tangu saa zinaporudishwa nyuma hadi zinaposogezwa mbele mwisho wa Machi, kila siku baada ya alasiri mmoja wetu atapiga hodi kwa wazee wanaokaa peke yao katika mitaa yetu. Wamefika sita. Anayemjua wa saba atuambie.