Mlinzi na Mlezi

Mjukuu wangu alipotimiza siku tano duniani, mwanangu alinizuia kumbusu. Nilikwenda na udi na khanga mbili, na moyo umejaa beti. Nilipoinama, akaweka kiganja baina ya uso wangu na wa mtoto. "Niwie radhi, baba," alisema, "una malengelenge mdomoni. Yakipona utambusu mpaka uchoke." Nilirudi nyumbani nimenuna, nikijiuliza tangu lini babu akahesabiwa miongoni mwa maadui.

Mwanangu ni muuguzi; mimi sikufika sekondari, na hiki kidogo nilicho nacho nimekiokota vitabuni. Desturi yangu, nikishindwa kwa hoja hutafuta kitabu, na kitabu kikinishinda hukitafsiri. Nikamwomba aniazime anayoyasoma kuhusu kinga ya ubongo wa mtoto mchanga, nikakaa nayo na kamusi wiki mbili.

Mwaka 1919 Mhispania Pío del Río Hortega alizipambanua, kwa hadubini, seli ndogo za ubongo zenye matawi mengi. Huitwa mikroglia. Asili yake si ubongoni. Mwaka 2010 utafiti uliofanywa kwa panya ulionesha kuwa hutoka katika mfuko wa kiini, mwanzoni kabisa mwa mimba, zikasafiri hadi kwenye ubongo unaoanza kuumbika, zikakaa humo maisha. Ni wahamiaji waliowahi kufika wakawa wenyeji. Sisi watu wa visiwani habari hiyo si ngeni kwetu.

Seli hizi hazitulii. Matawi yake hupapasa huku na huku usiku na mchana. Virusi vikipenya, huweza kuvihisi, zikatoa interferoni, ambayo ni kemikali ya kuwaonya majirani wajifungie milango. Huziita seli nyeupe kutoka katika damu, na mabaki ya seli zilizokufa huyameza. Siku za amani nazo zina kazi: hufagia taka, na hupogoa miungano iliyozidi baina ya seli za fahamu, ili ubongo ukue kwa mpango.

Hapo tafsiri ilinikwama. Niliandika "askari", nikafuta. Askari hapogoi mti. Nikaandika "mlinzi", nikaona halitoshi. Mwishowe nikaweka "mlezi", maana mlezi hukinga, husafisha, na hukata kilichozidi.

Lakini mlezi naye ana mipaka. Ubongo wa mchanga ni nyumba ambayo bado inajengwa, na moto wa kumchoma mwizi huunguza mihimili pia. Panya wachanga walipoambukizwa virusi vya sitomegalo, seli nyeupe zilihitajika ili kuvidhibiti. Ila uvimbe ulioletwa na mapambano hayo ulidumaza ukuaji wa ubongo wa nyuma, na watafiti walipoutuliza kwa dawa, madhara yalipungua. Mama humpa mwanawe kingamwili kupitia kondo la nyuma, na nyingine katika maziwa. Pamoja na yote hayo, heri adui asifike mlangoni.

Nikafika kwenye ukurasa wa malengelenge ya mdomo. Virusi vyake hujificha katika mishipa ya fahamu umri wote. Kwa mtu mzima ni kero ya siku chache. Kwa mchanga vinaweza kufika ubongoni, vikaleta degedege, vikaua. Busu hutosha kuvipeleka. Dawa ipo, asiklovia, na inataka kuwahiwa; ubongo ukiguswa hutiwa mshipani kwa muda wa siku 21.

Nikaweka kalamu chini. Mwaka 1996 mwanangu wa kwanza alifariki kwa degedege siku ya kumi na mbili. Wazee walimtaja ndege wa usiku. Maradhi yaletayo degedege ni mengi, na hakuna aliyempima. Sikumbuki kama siku zile mdomo wangu ulikuwa na malengelenge. Nakumbuka tu kwamba nilimbusu kila asubuhi.

Usiku ule nilimsomea mke wangu tafsiri yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Yule ulimbusu kwa mapenzi. Na huyu muache kwa mapenzi."

Wazee wetu waliweka arobaini, mzazi na kichanga wakae ndani, mbali na pilika za watu. Nilikuwa nikiiona kuwa mila tu. Leo naiona kuwa ni ukuta wa nje wa ngome ile ile, na sisi jamaa ndio walinzi wake wa kwanza. Kosa letu ni kudhani kwamba anayependa hana cha kuleta ila baraka.

Malengelenge yalikauka, ngozi ikapona. Siku ya arobaini nilinawa mikono mpaka viwiko, mwanangu akacheka, akanipakata mtoto. Nikambusu utosini, pale panapopwita, ambapo chini yake wamo walezi wadogo wasiolala.